Baba Asome Kwanza

Jalada lilikuwa na joka, na hilo ndilo lililoniponza. Joka la kijani lenye mabawa, limejikunja juu ya mlima, na chini yake msichana wa rika langu akimwongoza punda aliyebeba chungu. Laiti mchoraji angeridhika na punda, ningekisoma kitabu changu kwa amani.

Nilikuwa darasa la tano, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na kule mtaani kwetu Mountain View watu walikuwa wameshikwa na hofu ya ushetani. Kanisani tulionywa kuhusu kanda za muziki, mikufu, hata picha za kwenye fulana. Mama alikuwa ameshatupa kalenda nzima kwa sababu ya nyoka mmoja wa mwezi wa Agosti. Kwa hiyo alipokifuma kitabu kile ndani ya mkoba wangu wa shule, alikishika kwa ncha za vidole akampelekea Baba sebuleni.

"Ona vitu mtoto wako anasoma."

Baba alikuwa mzee wa kanisa, lakini kazi yake ilikuwa kuchora ramani katika ofisi ya serikali pale mjini. Alikuwa mtu wa rula na penseli iliyochongwa vizuri, na hakuwa na tabia ya kuhukumu kitu ambacho hajakipima.

"Nitaisoma mimi kwanza," alisema. "Ikiwa mbaya, inarudi kwa mwenyewe. Ikiwa sawa, utapewa, Mami."

Aliniita Mami kwa sababu nilipewa jina la mama yake, kama ilivyo desturi yetu kwa binti wa kwanza. Siku akiwa na furaha aliniomba hata ruhusa ya kuondoka mezani. Siku ile hakuniomba chochote.

Nilikuwa nimefika sura ya nne tu. Katika nchi ile ya milima, meko yote yalikuwa yamezimika, na msichana yule alikuwa akiyapeleka makaa ya mwisho ndani ya chungu hadi upande wa pili wa nchi, yeye na punda wake mzee. Niliwaacha katikati ya daraja linaloyumba. Nililala nao pale darajani, nikaamka nao pale pale.

Tena kitabu hakikuwa changu. Kilikuwa cha jirani yangu wa dawati, Mhindi ambaye wazazi wake waliuza vitambaa mjini. Kaka yake alikwenda kusoma ng'ambo akamwachia vitabu vinne. Cha tano, cha mwisho, kilikuwa bado hakijaandikwa. Masharti yake yalikuwa makali: cha pili hakitoki mpaka cha kwanza kirudi. Kila Jumatatu aliniuliza, "Kwani babako anaisoma ama anaikula?"

Baba alisoma Jumamosi alasiri, penseli mkononi. Mimi nilifagia sebule iliyokwisha kufagiliwa ili nichungulie, na nilichokiona kilinikata maini. Pembeni mwa kurasa alikuwa akitia alama ndogo za tiki. Nilijua kila tiki ni dhambi moja. Kurasa nyingine zilikuwa na tiki tatu, nikamkasirikia mwandishi kwa kushindwa kujizuia.

Hatimaye aliniita. Mama naye akaja kusimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa cha vyombo begani.

"Hii kitabu iko na makosa," Baba alisema.

"Si nilisema?" Mama akadakia.

"Makosa mengi." Alifungua ukurasa wa ramani mwanzoni kabisa. "Ona huu mto. Unatoka huku chini, unapanda mlima, unashukia ng'ambo. Uliona wapi mto umepanda mlima? Na hapa wanasema ni safari ya siku mbili. Punda mzee, amebeba mzigo, siku mbili? Hapo ni siku nne, na apumzishwe."

"Na hiyo joka?" Mama aliuliza.

"Joka iko tu sawa. Haina shida."

Nilicheka huku natokwa na machozi, maana nilikuwa nimeshakizika kitabu kile. Kisha Baba akatoa chini ya mto wa kiti karatasi nyembamba ya kazini kwake, ile ya kunakilia ramani inayoonyesha upande wa pili. Alikuwa ameichora nchi ile upya. Mto ulikuwa umerudishwa bondeni, milima ina mistari ya kimo, na kila mahali punda alipolala pana nukta. Mpaka leo sijaona kazi ya mkono iliyonipendeza kuliko ile. Watu huniuliza kwa nini mtu mzima ninashikilia vitabu vya watoto, na jibu langu ni karatasi hiyo. Mtu niliyemheshimu kuliko wote aliichukulia nchi yangu kwa uzito, akaipima kama anavyopima wilaya za Kenya.

Cha pili kilipokuja, nacho alikisoma kwanza. Cha tatu vilevile.

"Si umeshajua hazina ubaya?" Mama alimwuliza.

"Lazima nihakikishe," alisema, bila kuinua macho.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mzee wangu anatumia cheo cha kanisa kuniruka kwenye foleni. Mezani alitikisa kichwa, "Huyo msichana atajuta," nami nikaziba masikio kwa kelele. Lakini aliyemjali hasa ni punda. Siku moja tulikuwa tukinunua nyanya Dagoretti Corner, mkokoteni wa maji unaovutwa na punda ukapita, na Baba akaanza kueleza akiwa anaziangalia nyanya. Mama yake alikuwa na punda wa kuteka maji, na yeye ndiye aliyekuwa akimfuata nyuma kila asubuhi. Siku moja alirudi kutoka shule akakuta punda ameuzwa. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Kisha akachagua nyanya zake, tukaondoka.

Kitabu cha tano kilichukua miaka. Nilimaliza shule ya msingi, nikamaliza sekondari, rafiki yangu mwenye vile vitabu akahamia ng'ambo na familia yake. Wauzaji wa maduka ya vitabu mjini walifika mahali pa kutikisa kichwa wakiniona tu mlangoni. Miaka ya tisini ikielekea kwisha, nami niko chuoni, nilikiona kwenye dirisha la duka moja. Joka lilikuwepo. Msichana alikuwepo, amekua. Punda hakuwepo.

Nilikipeleka Mountain View bila kukifungua, maana sheria ni sheria. Baba alikuwa amestaafu. Alivaa miwani, akaliangalia jalada kwa muda mrefu, kisha akanisogezea kitabu.

"Soma wewe kwanza, Mami."

"Lakini ni wewe husoma kwanza."

"Najua. Niangalilie punda."

Nilijifungia chumba changu cha zamani, yeye akipitapita nje na ndara zake.

"Umefika wapi?"

"Mtoni."

"Bado unapanda mlima?"

"Bado, Baba."

Punda anakufa katika sura ya kumi na tisa, kwenye theluji, baada ya kukifikisha chungu mlangoni. Imeandikwa vizuri mno, na nilitamani kumzaba mwandishi kofi. Nililia, nikanawa uso, nikaenda sebuleni. Baba alishusha gazeti akanitazama kama mtoto anayesubiri kuambiwa na mama yake.

"Iko na kosa moja," nilisema.

"Mto?"

"Hapana. Sura ya kumi na tisa."

Aliliweka gazeti kando. Kisha akanyoosha mikono yote miwili akakipokea.

"Kumi na nane iko sawa?"

"Iko sawa kabisa."

Alisoma hadi mwisho wa sura ya kumi na nane, kwa penseli na tiki zake, akicheka peke yake. Hapo akaweka kipande cha ile karatasi yake nyembamba, akafunga. Hakukifungua tena mpaka alipotuacha, miaka mingi baadaye.

Kitabu hicho sasa kiko kwangu. Kila mwaka huvisoma vyote vitano, na sura za mwisho huzisomea katika nakala nyingine niliyoinunua. Ile ya Baba huifunga penye karatasi, punda akiwa bado anapanda.