Mapaa Mekundu ya Kijiji cha Bibi Yun

Nilisikia wimbo kabla sijaona kitu. Ukungu ulikuwa umefunga kila mahali, na wimbo ulitoka ng'ambo, kwenye vipaza sauti vya Korea Kaskazini, sauti ya mwanamke ikipanda na kushuka kana kwamba anambembeleza mtoto asiyetaka kulala, nami nikafumba macho nikajiona niko ndani ya riwaya yangu mwenyewe (ndiyo, jamani, ni mimi huyu huyu mnayemjua, na aibu hii niliitafuta kwa mkono wangu, tena huu wa kulia).

Aliyenipeleka ni Bibi Yun, jirani yangu wa ghorofa ya nne hapa Alby, huku Uswidi. Alizaliwa upande ule wa kaskazini, vita vikamtoa akiwa mtoto, ukubwani akaolewa na Mswidi, na sasa amezeekea huku. Alitaka kukiona kijiji chake mara moja tu, kwa darubini, kutoka kituo cha walinzi wa kusini, na kwa kuwa magoti hayamruhusu kusafiri peke yake akaniomba nimsindikize. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Mwandishi gani angekataa?

Askari aliyetuongoza alitupa masharti tukiwa bado kwenye basi: hakuna kunyoosha kidole, hakuna kupunga mkono, hakuna kumwita mtu wa ng'ambo. Nikaitikia kwa kichwa. Tukapanga foleni kwenye darubini, Bibi Yun akiwa wa tatu, ukungu ukaanza kuachia, ukachungulia mti, kisha uzio, kisha kibanda, na kwenye kibanda kile askari mmoja ameielekeza darubini yake kwangu. Sasa nyie mnajua tulivyolelewa. Mama yangu kule Morogoro hakukubali umtazame mtu umpite bila salamu, hata kama ana ugomvi na ukoo wenu mzima. Mkono ukainuka wenyewe. Nikasema na shikamoo (kwa mbali vile ningejuaje umri wake?). Watalii walio nyuma yangu wakadhani imeruhusiwa, wakapunga nao, mwisho basi zima linapunga, na wimbo ukakatika ghafla.

Kiongozi wetu hakufoka. Alisema ziara imekwisha, akazifunika darubini, tukarudishwa kwenye basi huku jua linatoka. Bibi Yun alikuwa amebakiza mtu mmoja mbele yake. Nilipomwomba radhi alinigusa goti, akasema atakuja tena. Sote wawili tulijua haji tena.

Yangeishia hapo kama ningenyamaza. Lakini niliporudi niliisimulia safari hiyo kwenye harusi moja Upplands Väsby, watu wakacheka, nikaisimulia tena, na kila mara mkono wangu ukapanda juu zaidi, hadi yule askari naye akanipungia (hakupunga), hadi akatabasamu (tabasamu gani la kuonekana kwa umbali ule?). Kisha nikaiandika. Jumamosi moja nikaisoma maktabani Skärholmen, kwa Kiswidi, kwa ajili ya watoto wetu wanaojibu kila kitu kwa Kiswidi: kijana anayepatanisha mataifa mawili kwa salamu moja, na nyuma ya uzio, kijiji chenye mapaa mekundu na moshi wa asubuhi. Bibi Yun nilimtoa. Niliona anaharibu mwisho.

Walipiga makofi. Mzee mmoja Mkongo akaniita balozi. Ndipo nyuma kabisa, karibu na makoti, akainuka mtu na fimbo yake. Alikuwa ameona tangazo kwenye lifti yetu.

"Hayo mapaa mekundu," akauliza taratibu, "uliyaona kweli?"

Sijapata kuona uso wenye matumaini kama ule. Ningeweza kusema ndiyo.

"Hapana, Bibi. Niliyatunga."

Tangu siku ile nimeapa kutomwondoa mtu kwenye hadithi yake mwenyewe ili mimi nipendeze, lakini kiapo hicho nilikila nimechelewa, maana Bibi Yun alikuwa ameshafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, akanipungia mkono mara moja kama ninavyopunga mimi, akatoka, na mlango ukajifunga polepole nyuma yake.