Upawa wa Nyongeza Uliotaka Kumfungia Jiko Bi Verlie

Ni majira ya kuchipua ya mwaka 2019, Ijumaa ya Kwaresima, na Verlie Guidroz anakoroga kamba wa maji baridi kwa kasia katika sufuria kubwa. Mvuke wa pilipili unawatoa machozi wanunuzi waliopanga foleni mbele ya kibanda chake, kusini mwa Louisiana. Mfuko ukitimia ratili tatu, huuondoa kwenye mizani, kisha huongeza upawa mmoja.

Upawa huo ulikaribia kumfilisi.

Mwaka uliotangulia, mkaguzi wa kodi ya mauzo alifika kibandani. Risiti zilikuwa zimeharibiwa na mafuriko. Basi akahesabu magunia yaliyonunuliwa, akayagawa kwa ratili tatu tatu, akahitimisha kwamba mauzo mengi yamefichwa. Kodi na adhabu vilifikia dola 38,000, fedha ambazo Verlie hazipati kwa mwaka mzima.

"Nilimwambia mimi huongeza. Akaniuliza, 'Kwa sababu gani?' " anasema mjane huyo mwenye umri wa miaka sitini na mmoja. "Ni kama kuulizwa kwa nini unasalimia watu."

Alikata rufaa. Wakili alimmalizia akiba, na Alcide Meaux, mfugaji wa kamba, akawa anamletea magunia kwa mkopo.

"Utanilipa wakikuachia," Alcide alimwambia.

"Na wasiponiachia, Mzee?"

"Utanipikia mpaka nife. Nami sina haraka ya kufa, shauri yako."

Katika kikao cha rufaa, mkaguzi alishikilia kwamba hakuna mfanyabiashara agawaye karibu robo ya bidhaa yake bure. Afisa aliyesikiliza shauri, Bi Sibley, hakubishana naye. Aliagiza watumishi kadhaa wakanunue kamba kwa siku mbalimbali bila kujitambulisha, na mkaguzi mwenyewe awe mmojawapo.

"Alikuja amevaa kofia ya mvuvi," Verlie anakumbuka. "Nilimjua kwa viatu. Nikampa upawa mmoja, kama wote. Akasema, 'Mama, umezidisha.' Nikamwambia, 'Kula, baba. Hesabu zimekukondesha.'"

Kila mfuko uliopimwa ofisini ulikaribia ratili nne.

Uamuzi ulitolewa wiki iliyopita. Deni la kamba na adhabu yake vimefutwa; imebaki kodi ya soda anazouza pamoja na kamba, dola 1,900, ambayo Verlie anakiri kwamba hakuilipa. "Hapo nilikosa, na nimelipa," anasema. "Nilipotoka ofisini nilikaa garini nikacheka peke yangu hadi vioo vikaingia ukungu."

Sasa anakusudia kununua mashine ya risiti na kuiweka juu kabisa, mahali maji yasipofika. Wakili amemshauri aache kuongeza. Mnunuzi anayefuata anapewa upawa wake.

Foleni inapopungua, Alcide anawasili na magunia mapya. Verlie anafuta mikono kwa aproni, anamkabidhi bahasha nene, na mzee anahesabu noti palepale juu ya boneti ya gari lake, akilamba kidole gumba. Anasita. Anahesabu upya, kisha anainua noti moja.

"Umekosea, Verlie. Hii imezidi."

Verlie amekwisha kurudi kwenye sufuria yake.

"Sijakosea," anasema, akikoroga.