Paswedi Niliyoifuata Msibani

Mpaka leo nikipita njia ya Matogoro na kuliona geti la kile chuo, roho inaniuma. Sidanganyi.

Nilikuwa fundi wa kompyuta pale, kibarua tu, na mkuu wa chuo aliniahidi ajira ya kudumu kama maabara ingekuwa tayari kwa mtihani wa Jumatatu. Kazi yenyewe ilikuwa kuitoa programu ya zamani, maana ile mpya ilikataa kukaa nayo. Nikaandika skripti, yaani maagizo ya kompyuta, ipite mashine zote ikiifuta. Ikafuta kwenye akaunti yangu tu. Mwanafunzi akifungua akaunti yake, anaikuta palepale inamkodolea macho. Kuing'oa kabisa kulitaka ruhusa ya msimamizi, na paswedi ya msimamizi alikuwa nayo mkuu peke yake. Hakumpa mtu. Kwake ile ndiyo ilikuwa ukubwa wenyewe, pamoja na kile kiti chake cha kuzunguka.

Ijumaa akafiwa na shangazi yake, akaenda Hanga, simu kazima. Jumamosi nikapanda gari, nikamfuata. Ndiyo, msibani. Niliwapa pole wafiwa, nikakaa mkekani na kina mama mpaka mkuu alipotoka nje.

"Shikamoo mkuu. Pole sana na msiba. Samahani, naomba ile paswedi, mtihani ni keshokutwa."

"Binti, wewe umelelewa wapi? Sisi tunazika, wewe unaniletea habari za kompyuta?"

Alisema kwa sauti, watu wasikie. Wazee wakaniangalia kama mwizi wa kuku. Nilirudi Songea nalia kwa hasira.

Jumatatu mtihani haukufanyika. Mbele ya bodi, mkuu akasema fundi ni mzembe. Nikachukua begi langu nikaondoka. Sasa hivi nachapa barua za watu kwenye kibanda cha Majengo.

Mwezi uliopita mkuu akanipigia, sauti laini kama uji. "Mwanangu, hivi mtu akisahau paswedi ya msimamizi, hakuna njia?"

Nikamuuliza aliisahau lini.

Akashusha sauti. "Siku nyingi. Tangu kabla ya ule msiba."

Kumbe pale Hanga hakuwa na cha kuninyima. Angeninong'oneza tu kwamba kasahau, ningetafuta njia nyingine kwa ruhusa yake, Jumapili nzima ilikuwepo. Aliona heri mimi nikose kazi kuliko yeye ajulikane kasahau. Nikamwambia njia ipo, nikakata simu.