Mchanga Usioshikana

Kiwandani wanamwita Bibi Kalibu, ingawa hana mjukuu. Ujana wake wote umeishia magotini, akishindilia mchanga kuzunguka umbo la mbao la gurudumu la pampu, kisha akilitoa taratibu ili chuma kilichoyeyuka kije kijaze nafasi yake.

Kabla ya kumimina chuma, kalibu hiyo ya mchanga hupulizwa kwa bomba la upepo. Punje zilizolegea ziruke, zilizoshikana zibaki. Mchanga wenye udongo na maji kidogo hushikana kama ndugu waliofiwa; mkavu hutawanyika kama wageni wakishakula. Maji yakizidi, mvuke huharibu chuma. Kipimo ni ngumi: fumba mchanga, fumbua, vunja donge.

Siku hizi vidole vyake vimekufa ganzi, na hajamwambia mtu. Kalibu mbili zilikwisha kubomoka. Msimamizi alimwambia, kwa upole uliomchoma kuliko matusi, "Mama, ikibomoka nyingine nitakuhamishia kwenye ufagio."

Asubuhi hiyo alifumba ngumi, akahisi kama kavaa glavu, akakisia. Alipofungua upepo, ukingo wa gurudumu ukaanza kulika: kitundu, kisha shimo, mchanga ukimrukia usoni.

"Shemeji!" mdogo wa mumewe aliita kutoka sanduku la kalibu la jirani. "Unachimba kisima?"

"Nachimba kaburi lako."

Akaja, akachungulia, utani ukamwisha. "Ziba kwa kidole, pakaza. Nani ataona?"

"Chuma kitaona. Kiraka kitasombwa, gurudumu litoke na jipu."

Alikuwa amechoka, uchovu ule ambao usingizi hauutoi. Akaisambaratisha kalibu yote kwa mikono miwili. Kisha akachota mchanga, akamwekea shemeji yake kiganjani.

"Fumba wewe. Mimi sihisi tena."

"Tangu lini?"

"Fumba."

Akafumba, akavunja. "Mkavu huu. Ongeza maji."

Msimamizi alikuwa amekwisha simama nyuma yao. "Watu wawili kwa sanduku moja? Kazi itachelewa."

"Itachelewa," Bibi Kalibu alikubali, akishindilia.

Alipofungua upepo tena, ziliruka punje chache tu. Ukingo ukabaki mkali kama ulivyochongwa. Msimamizi aliinama, akautazama sana.

"Basi mketi karibu karibu," alisema, akaenda zake.

"Kesho uwahi," Bibi Kalibu akamwambia shemeji yake.

"Mimi? Hata harusi yangu nilichelewa."

"Najua. Nilikuwepo, nimesimama, miguu inaniuma."