Mahari ya Faranga Mia Tatu

Sifa ni za Mwenyezi Mungu, aliyetulisha kabla hatujajua hata kuomba. Namshukuru kwa pumzi, kwa macho ambayo bado yanasoma, na kwa subira aliyonigawia kidogo kidogo tangu chuoni. Naanza na Yeye kwa sababu jambo hili bado linanikasirisha, na mwenye hasira asipomtaja Mola wake kwanza, ulimi humtoroka.

Dada yangu mdogo alifiwa na mume hapa Kasongo. Hawakujaaliwa mtoto. Eda ilipokwisha, ndugu wawili wa marehemu walikuja kwa pikipiki kutoka Kabambare kugawa mirathi. Kiwanja kizima, nyumba kubwa na ile ndogo ya uani, walikuwa wamekwisha kukitafutia mnunuzi. Dada alitaka kitu kimoja tu: nyumba ya uani, anamokaangia mikate ya mafuta anayouza asubuhi. Hana kazi nyingine.

Kwetu Waislamu urithi haugawiwi kabla deni la marehemu halijalipwa. Na marehemu alikuwa na deni kwa mke wake: ile sehemu ya mahari iliyobaki shingoni mwake tangu siku ya ndoa. Ikilipwa kwa haki, ukiongeza na robo yake ya urithi, nyumba ya uani ingekuwa yake.

Ndugu mkubwa akatoa noti mbili mfukoni, ya mia mbili na ya mia, zimelegea kama kitambaa cha jikoni. Akaziweka juu ya mkeka.

“Shemeji, deni ya marehemu ni hii. Kwa Mungu tumekuwa weupe.”

Nilidhani ni mzaha. Nikamtazama mdogo wake, naye akatabasamu. “Hata chenji hatuombi,” alisema.

Dada aliziangalia zile noti bila kuzigusa. “Shemeji, petroli muliyochoma toka Kabambare inashinda mahari yangu. Mungenitumia salamu tu.”

“Usinikasirikie mimi, shemeji. Iko kwenye karatasi ya ndoa.” Akaikunjua mbele yangu. “Mwalimu, huu muandiko wa nani?”

Ulikuwa wangu.

Nilikuwa kijana siku ya ndoa yao, nimetoka kusoma, nimejaa maneno. Faranga mpya ilikuwa ndiyo kwanza imefika kwetu. Zaire, fedha ya zamani, ilikuwa imekufa mikononi mwetu. Tulikuwa tumebeba noti zake kwa mifuko kwenda kununua chumvi. Baba alitaka mahari iandikwe kwa mbuzi, na mjomba akataka dola. Mimi nikawakatalia wote wawili. Nikasema dola ni fedha ya wageni na mbuzi ni mambo ya zamani, tuandike fedha ya nchi yetu. Sokoni, wabadilishaji wa fedha walikuwa wakiomba kama faranga moja na nusu kwa dola moja. Mia tatu ilikuwa mali. Wazee walikubali kwa heshima, nami nikatia wino nikijiona nimeitetea nchi.

Leo dola moja inataka faranga zaidi ya elfu mbili. Dada yangu alipika, akafua, akauguza, akafunga macho ya mumewe, na kila mwaka wa ndoa ile, wino wangu ulikuwa unamla. Sikuwahi kufikiri. Kila Ijumaa nilipita mbele ya wabadilishaji wa fedha, nikasikia bei ya siku, nikalalamika kama watu wote, na sikuikumbuka ile karatasi hata mara moja.

Niliwaambia wale ndugu kwamba wako wanavyuoni wa kale waliosema fedha ikianguka, hulipwa thamani yake ya siku ya mkataba.

“Na wengine walisema hesabu ni hesabu,” mkubwa akajibu. Kweli, wapo. Naye alikuwa amekwenda mapema kuwauliza mashehe wanaowafuata, kabla ya kuwasha pikipiki. Hapo damu ilinipanda. Mtu anasoma dini apate mlango wa kutorokea!

Nikashusha sauti. “Mnunuzi wa kiwanja mumemtajia bei gani?”

Akanitajia. Kwa dola.

“Kwa nini si faranga?”

“Ee, Mwalimu! Atalipa kidogo kidogo. Faranga inashuka kila siku, nani atakubali kuibiwa hivyo?”

Mdogo wake alianza kukuna goti. Mkubwa alilisikia neno lake mwenyewe, akainamisha kichwa. Baadaye akasema, bila kututazama, “Basi achukue ya uani. Robo yake imo humo.”

Hawakusema ni haki yake. Walisema achukue, kama sadaka. Dada hakuwashukuru, na mimi sikumwomba awashukuru. Aliziokota noti mbili, akamrudishia mdogo. “Kanywe chai njiani.”

Watu husema nilishinda. Sikushinda kitu. Miaka ile niliitwa kuandika ndoa nyingi, hapa, Lusangi, hadi Wamaza, na zote niliziandika kwa faranga, kwa majivuno yale yale. Karatasi hizo ziko katika masanduku ya wanawake wanaodhani wamehifadhi kitu. Sasa nakwenda nyumba kwa nyumba, mgongo ukiuma juu ya pikipiki, nikiwaomba waume walio hai tuandike upya kwa gramu za dhahabu. Wengine wanakubali. Juzi mmoja wa Wamaza alinifukuza uani kwake: “Mwalimu, muandiko ni wako, na mimi nimeupenda.” Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, anasikia. Keshokutwa narudi kwake.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akuhifadhie haki yako mikononi mwa wanaoishika, na akupe moyo wa kurudisha ya mwenzako ikiwa nzima. Amina.