Mvinyo wa Mlima Unaotema Moto

Tangu milango ya biashara huria ifunguliwe, duka la pembejeo pale Mikumi linauza hadi mvinyo mweupe wa Italia. Juzi nilimkuta mama mmoja, mpika pombe wa Vidunda, kule milimani, ameishika chupa yake moja. Alikuwa na mumewe, ambaye tangu waingie alikuwa akimshawishi wahame mlimani, washuke Ruaha, wakalime miwa kwenye tambarare.

"Onja kwanza, utoe sumu," mama alimwambia muuzaji, kama afanyavyo yeye kwa wateja wake.

"Mama, imefungwa huko huko Ulaya."

"Aliyeipika hayupo. Uliyepo ni wewe."

Muuzaji akafungua, akaonja, akakunja uso, kisha akaonja tena bila kuambiwa. Mama akaridhika, akagusa picha ya mlima kwenye chupa. "Na huu moshi?"

"Huo mlima hutema moto. Zabibu wanazilima hapo hapo mteremkoni."

Mama akamgeukia mumewe. "Baba watoto, umesikia? Wenzetu wanatemewa moto na hawahami."

 Mume akapokea glasi kwa muuzaji, akameza funda moja taratibu, akaomba aonyeshwe majembe ya kulimia mteremkoni.

Wanaolalamika kwamba soko huria linatuletea anasa tupu wangekuwepo pale, waone chupa ya Italia ikiuza jembe.