Mafundo Niliyoyakata

Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kupata stashahada ya ufundi mitambo, na hakuna aliyenisomesha. Karo nilijilipia kwa kuosha injini za malori Mwanza, mikono ikinuka dizeli hata Jumapili. Niliporudi Kituntu nilijenga gereji ya milango miwili, na watu wa Karagwe na Kyerwa wakajua pa kupeleka pikipiki zilizowashinda wengine. Nayasema haya mapema ili kinachofuata kieleweke uzito wake.

Pikipiki yenyewe niliiona Mabira, kwenye banda la kahawa la mjane mmoja. Ilikuwa ya Kiingereza, ya zamani kunizidi umri, taa yake ya mbele kubwa kama sufuria. Fremu ilikuwa imepakwa rangi nyeusi upya, magurudumu yamefungwa spoku mpya. Injini, lakini, ilikuwa imefumuliwa yote, kila kipande kimefungwa kwa kamba kwenye majani makavu ya mgomba, na vifurushi hivyo vimejaza masanduku mawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi mwenye cheti?"

"Stashahada, mama."

"Haya. Mzee wangu hakumaliza hata la nne."

Mumewe alikuwa mkulima. Aliifumua pikipiki ile aijenge upya, akaugua, akafa ikiwa masandukuni. Bei tulikubaliana haraka. Kisha akanishika mkono, hakuuachia.

"Kuna neno moja. Mzee aliniahidi kunipeleka kanisani na hiyo pikipiki, sikukuu ya mavuno. Kama unaichukua, unaichukua na hiyo ahadi. Utaweza?"

"Mama, mavuno ya mwaka huu utashukia mlangoni pa kanisa."

Niliyasema hayo mbele ya majirani zake, kwa sauti.

Nyumbani nilitandika turubai nikaanza kazi. Kwetu kila kitu hufungwa kwenye majani ya mgomba, chumvi, maharage, senene, na mimi nilishaondoka kwenye ushamba huo. Kamba nilizikata kwa kisu, moja baada ya nyingine, nikavitandaza vyote kibanjani, chini ya migomba, vioze. Vipande nikaviosha kwa petroli mpaka vikang'aa, nikapiga picha, nikazirusha kwenye simu. Watu wakanisifu sana.

Kisha nikaanza kufunga injini. Mara ya kwanza gia ya tatu ilikwama. Mara ya pili ilikataa hata ya kwanza, na mkononi nikabaki na washa mbili, vile vipete bapa vya chuma, zisizo na pa kwenda. Kitabu cha pikipiki ile hakikupatikana, na michoro ya mtandaoni ilikuwa ya injini nyingine. Zilibaki wiki mbili kufika mavuno.

Ndipo mama yule akaja kunisalimia, amepakiwa kwenye bodaboda na mkungu wa ndizi. Akatazama vipande kwenye turubai, akatazama ukutani, akatazama chini ya meza.

"Kamba umeziweka wapi?"

"Kamba gani, mama?"

"Zenye mafundo."

Nikamwonyesha kibanja, nikicheka. "Ziko kule, zinarutubisha migomba."

Hakucheka. "Uliyahesabu kwanza?"

Nilipoelewa, nilikaa juu ya ndoo. Kila kifurushi kilikuwa na idadi yake ya mafundo. Fundo moja lilikuwa kipande cha kwanza kurudi ndani, mawili cha pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Na mimi si mgeni wa jambo hilo! Mama yangu mzazi alifunga mbegu za maharage kwa namna ileile, za fundo moja zikapandwa kwanza. Nimekulia humo. Nilikata injini nzima kwa kisu cha jikoni.

"Nani aliyafunga?" nikauliza.

"Nani mwingine? Mzee mikono ilikuwa inamtetemeka. Yeye alifungua vyote, akanitajia vitakavyorudi kwa zamu, mimi nikafunga."

"Unakumbuka mpangilio?"

"Kichwani, hapana." Akavua viatu, akaketi kwenye mkeka. "Niletee majani makavu. Kamba pia. Na hizo sura za msiba uziache huko huko."

Alichukua kipande, akakizungushia jani, akaanza kufunga, na vidole vyenyewe vikasimama vilipofika. Saba. Akachukua kingine. Kumi na moja. Alipokosea alijua, jani lilibaki kubwa au likapungua, akafungua akaanza tena. Zile washa mbili kwangu zilikuwa mapacha. Akazipima kwa kidole gumba. "Hii nyembamba." Nikachukua kipimo changu cha chuma, nikapima mara tatu. Kweli, zilipishana kwa unene usiofika unywele.

"Huko kwenye stashahada," akasema bila kuinua macho, "wanafundisha kufungua tu?"

Injini niliifunga mimi, na niliifunga vizuri, hilo siliachi. Iliwaka kwa teke la tatu.

Siku ya mavuno nilimfuata Mabira asubuhi. Alikaa upande, kikapu cha kahawa mapajani, mkono mmoja umeshika koti langu. Nilimfikisha hadi mlangoni pa kanisa. Waumini walituzunguka kabla sijazima. Akashuka, akapapasa tangi.

"Mzee alisema itapiga kelele kidogo," akawaambia. "Alinidanganya."

Walicheka, naye akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga.

Ibada ilipokwisha nilikuwa nje, injini inanguruma, nimeshafuta kiti. Alinipita na wanawake wenzake, viatu mkononi.

"Mama! Panda twende."

"Aliniahidi kunileta, baba. Kurudi hakusema."

Akashika njia ya miguu kwenda Mabira. Nilibaki nimekaa juu ya pikipiki, petroli ikiungua bure.